Katikati ya Kuta Mbili

Ruphin alikuwa ameketi sakafuni mwa korido, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha juu ya blanketi kama mtu anayepumzika baada ya kazi. Utosi wake ulikuwa umepasuka. Damu iliyoshukia kwenye kola ya shati lake jeupe ilikuwa imekwisha kukauka.

Kapteni Najma Vuai alichuchumaa mbele ya maiti, akamtazama usoni. Alimfahamu. Nani katika mtaa wa Fordsburg hakumfahamu Ruphin? Mrundi wa suti za bei mbaya na marashi yanayotangulia mlangoni, muuza picha za sanaa ghorofani juu ya maduka ya vitambaa, mtu wa kukupa mkono huku macho yakikupima viatu. Watu walimwita Profesa, naye hakuwakataza.

"Ni wizi, Kapteni," alisema Sajenti Sibanyoni kutoka mlangoni. Alikuwa na mwili wa bondia, lakini mbele ya maiti hakupenda kusogea. "Kuna fremu tupu hapo. Mtu kaingia, kampiga, kachukua picha. Eish, Joburg hii."

"Simu yake?"

"Iko mfukoni."

"Saa?"

"Mkononi."

"Basi huyo mwizi wako ana aibu sana," alisema Najma.

Wataalamu wa eneo la tukio walikuwa wakipuliza unga wa kutafutia alama za vidole. Najma aliwapisha, akaendelea kuikagua korido. Ilikuwa nyembamba, haina dirisha, na milango yake yote ilikuwa imefungwa. Kando ya maiti palikuwa na tochi, chupa ya maji na vikombe viwili vya plastiki. Blanketi lilikuwa pana. Nusu yake ilikuwa chini ya Ruphin, na nusu ya pili ilikuwa imekunjamana, imebonyea. Mtu mwingine alikaa pale, bega kwa bega na marehemu.

Aliyeikuta maiti ni Mayasa, mwanamke wa Tanga aliyekuwa akiuza na kufagia humo dukani. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, mtandio mdomoni.

"Ulimkuta hivi hivi, dada Mayasa?"

"Hivi hivi, afande. Nikadhani kapitiwa na usingizi. Maana bosi radi ikipiga hukimbilia humo."

"Koridoni?"

"Kila radi. Anafunga milango, anatandika blanketi lake, anawasha tochi. Jamani, mwanamume mzima na suti yake! Nilikuwa namcheka, Mungu anisamehe."

"Alikwambia sababu?"

"Alisoma Ukraina, vita ikamkuta huko huko. Alisema kule mabomu yakianza watu hukimbilia koridoni, mbali na madirisha. Ukuta wa kwanza unapigwa na bomu, wa pili unakukinga na vipande. Kuta mbili, alisema, ndiyo kanuni yao."

"Na jana mvua ya mawe ilipoanza?"

"Nilikuwa nimeshafika nyumbani. Nilimwacha anangoja mtu, hakunitajia nani."

Najma aligeuka akaitazama tena ile nusu ya blanketi iliyobonyea. Mgeni wa kawaida angebaki dukani, akamcheka kama Mayasa. Huyu alikaa naye. Huyu naye alizijua kuta mbili.

"Fremu ile ilikuwa na picha gani?"

"Hakutaka mtu aiguse. Siku zote ilikuwa koridoni, imegeuziwa ukutani. Niliiona siku moja tu nikipiga deki. Mwanamke wa Kizungu amefunga kilemba chekundu, ana bata bukini. Picha ya kishamba hivi, lakini ukiiangalia unashindwa kuondoka."

Najma aliiokota fremu kwa mikono yenye glavu. Mbao hazikuwa na hata mkwaruzo. Misumari midogo iliyokuwa ikishikilia picha ilikuwa imeng'olewa mmoja mmoja na kupangwa sakafuni kwenye mstari ulionyooka.

"Mwizi hukata turubai kwa wembe akakimbia," alimwambia Sibanyoni. "Huyu ameua mtu, kisha akaing'oa misumari kama anayemtoa mtoto mwiba. Dada Mayasa, fundi wenu wa fremu ni nani?"

Mayasa alishtuka. "Cyriaque? Mrundi mwenzake, yuko La Rochelle, kusini mwa jiji. Afande, Cyriaque hawezi kumdhuru hata sisimizi!"

Baada ya saa sita mchana, daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu. Pigo lilikuwa moja tu, kutoka ubavuni, kwa kitu kizito cha mbao chenye uso wa mviringo. Nyundo ya fundi seremala, kwa mfano. Marehemu hakuonyesha dalili ya kupigana.

Njiani kuelekea kusini, robot zote, taa za barabarani, zilikuwa zimezimika na magari yalikuwa yakisukumana kwenye njia panda. Sibanyoni aliendesha huku akilalamika. Najma alikuwa mbali kimawazo. Kila kesi ya mauaji ilimrudishia sura ya kaka yake, Khatibu, aliyechomewa ndani ya spaza yake, kiduka cha mtaani, wakati wa vurugu za kuwafukuza wageni. Walioleta petroli walionekana na mtaa mzima. Mtaa mzima ukanyamaza, jalada likafungwa. Najma aliingia upolisi kwa hasira ile, na hasira yenyewe haikuwahi kupoa. Alijifunza tu kuivalisha sare. Wakati mwingine usiku alikuwa akiwaua wale watu kichwani mwake, mmoja baada ya mwingine, taratibu, na asubuhi anakwenda kazini.

Cyriaque alikuwa amepanga upande mmoja wa nyumba kuukuu. Chumba cha mbele alikifanya karakana. Kilinukia gundi na vumbi la mbao, na vioo vya dirisha vilikuwa vimebandikwa utepe wa gundi kutoka kona hadi kona, mfano wa herufi X, kama madirisha ya vitani. Alikuwa mwembamba, mvi zimemwahi, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Karibuni. Kaa, mama Kapteni."

"Unamfahamu Ruphin?"

"Namfahamu."

"Amekufa."

"Nimesikia."

"Nani kakwambia?"

"Warundi tunapigiana simu."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kazini. Hapa."

"Peke yako?"

"Siku zote niko peke yangu."

"Ulisoma naye Ukraina?"

Cyriaque aliupapasa ukingo wa meza. "Tulisoma pamoja, ndiyo. Mimi nikaoa huko. Bibi yangu aliitwa Daryna. Alikuwa anachunga picha za makumbusho ya mji wetu, mji mdogo tu, uko karibu na mto."

"Yuko wapi?"

"Alikufa, na mtoto wetu, Inès. Ni vita, madame."

"Pole sana. Nyundo yako ya mbao iko wapi?"

Kabla hajajibu, anga ilipasuka. Radi ilitikisa vioo, umeme ukakatika, na mvua ya mawe ikaanza kuyatwanga mabati kwa kishindo cha kuziba masikio. Sibanyoni alikimbilia dirishani kuitazama gari ya serikali ikibonyezwa boneti.

Cyriaque alikuwa ameshaondoka kwenye kiti.

Hakutoroka. Alipita mlango wa ndani, akaufunga nyuma yake. Najma alimfuata akiwa ameshika bastola, akausukuma mlango kwa goti. Akamkuta kwenye ujia mfupi kati ya vyumba viwili, usio na dirisha, amekaa juu ya godoro jembamba, mgongo ukutani, mikono juu ya kichwa. Ni mwili uliompeleka pale. Akili ilimfikia baadaye, na ilipofika, akainua macho akamwona Najma mlangoni na kujua kwamba yamekwisha.

Juu ya kichwa chake palitundikwa picha. Ilikuwa imegeuzwa, mgongo wake ukitazama watu. Najma aliwasha tochi ya simu. Katikati ya turubai kuukuu palikuwa na kiraka kilichobandikwa kwa uangalifu mkubwa, kipande cha kitenge cha njano chenye ndege wa buluu.

Najma aliirudisha bastola mahali pake. Akakaa kwenye godoro, bega kwa bega na mtuhumiwa, kama Cyriaque alivyokaa jana yake karibu na Ruphin.

"Una haki ya kunyamaza," alisema. "Utakalosema linaweza kutumika mahakamani."

"Nimenyamaza miaka yote hii. Imetosha."

"Kitenge ni cha nani?"

"Cha Inès. Mama yangu alikituma kutoka Bujumbura alipozaliwa. Nilimbeba nacho mgongoni, Wazungu wanatuangalia barabarani wanacheka, naye anacheka nao." Aliinua macho kwenye kiraka. "Picha ilitoboka wakati wa kuihamisha. Vita imeanza, duka zimefungwa, kitambaa cha kazi hakuna. Daryna akakata kitenge. Akasema, sasa huyu bibi wa bata naye amebebwa kama Mrundi."

Mvua ilizidi. Cyriaque alisubiri radi ipite.

"Walificha picha zote chini, mu stoo ya makumbusho. Kuta nene, za zamani. Watu wa mtaa wakakimbilia kule, mama na watoto, wazee. Wamelala katikati ya picha. Maji yakaisha. Mimi nikatoka kwenda kutafuta maji mtoni. Nyuma yangu wanajeshi wavamizi wakafika moja kwa moja mpaka kwa mlango wa siri. Hawakutafuta, madame. Walionyeshwa. Wakawafukuza watu wote juu, wapate kubeba picha bila shahidi. Daryna na Inès wakakimbilia korido ya jengo la jirani."

"Kuta mbili," alisema Najma polepole.

"Kuta mbili. Bomu liliangusha zote mbili."

Alisema alifukua kwa mikono hadi kucha zikang'oka. Alimtambua Inès kwa soksi. Siku ile ile alikula yamini: aliyeuonyesha mlango ule atamtafuta, hata akifia njiani. Aliwauliza walionusurika, kambi baada ya kambi, nchi baada ya nchi. Hakuna aliyemwona. Na huku Johannesburg, aliyempa kazi, aliyemlipia chumba cha kwanza, aliyelia naye kila mwaka siku ya kumbukumbu, alikuwa Ruphin, rafiki yake wa chuo, baba wa ubatizo wa Inès.

"Jana nilimpelekea fremu. Mvua ikaanza. Tukakimbilia korido wote wawili, mara yangu ya kwanza kuingia mule. Tulicheka hata, wanaume wawili wazima. Akanipa maji. Akawasha tochi, na tochi ikapiga mgongo wa ile picha."

"Ukaona kitenge."

"Nikaona mgongo wa mtoto wangu."

"Ukamwuliza?"

"Nilimwuliza, umeitoa wapi? Akajaribu uongo mmoja, wa pili. Radi ikapiga, akaanza kulia. Akasema walimkamata, walimtisha, akauza siri apate njia ya kutoka na picha moja ya kuchagua. Yeye mwenyewe aliigeuzia ukutani, lakini hakuangalia vizuri mgongo wake. Mtu wa sanaa, hajui kilicho nyuma ya picha! Bon. Hata hapo, madame, pengine ningeondoka. Ningekuja kwako. Lakini akanishika mkono, akaniambia, Cyri, mimi sikutaka wafe. Mimi ndiye niliwaambia wale askari wasiwapige risasi, wawaache waende korido. Korido ni salama, akasema. Angalia, hata sisi tuko salama."

Cyriaque alishusha mikono magotini.

"Nyundo ilikuwa mu mfuko wa kazi," alisema Cyriaque. "Nilitaka ajue kama korido si salama."

Najma alihisi kitu kikimpanda kifuani, na hakikuwa huruma peke yake. Ilikuwa raha. Raha chungu, ya kinyama, ya kusikia kwamba walau mmoja katika dunia hii alilipwa alichostahili. Alijionea haya, lakini haikuondoka.

Sibanyoni alichungulia kwa tochi. "Kapteni, uko sawa?"

"Nipo. Ngoja huko."

Mlango ukafungwa tena.

"Picha itapotea stoo ya polisi?" aliuliza Cyriaque. Sasa tu sauti yake ilikuwa na woga. "Sikuichoma, ingawa nilijua itanifunga. Nilishindwa. Mikono ya Daryna iko pale."

"Ni kielelezo cha kesi. Nitaisaini mwenyewe, nitaipeleka mwenyewe mahakamani, na kesi ikiisha nitaikabidhi ubalozi wao mkono kwa mkono. Itarudi kwao."

"Na kitenge?"

"Atakayekibandua atanikuta mlangoni."

Cyriaque alifuta uso kwa kiganja. Mawe yalikuwa yamekwisha, ilibaki mvua ya kawaida tu juu ya mabati. Hakusimama.

"Fordsburg wanasema kaka yako alichomwa mu spaza, na hakuna aliyefungwa."

"Wanasema kweli."

"Kama wangekuletea mmoja wa waliomchoma. Akae hivi, karibu yako. Akwambie kuwa moto ule haukuwa mkali sana. Na wewe una nyundo."

Najma aliutazama ukuta wa mbele. Alimwona Khatibu akipanga mikate kwenye rafu, akiimba vibaya kama kawaida yake.

"Ningempiga," alisema. "Nisingemwachia hata amalize sentensi. Kisha ningekaa pale pale nimsubiri polisi."

Cyriaque alitikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu aliyepewa risiti ya deni la siku nyingi. Akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, na Kapteni Najma Vuai akamfunga pingu.