Kijani ya Kamyo

Haya yalimpata Gaspard wetu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, yule anayechonga kwa mbao makamyo madogo ya vita, malori ya jeshi ya kuchezea, mtu wa kudharau hata mvua. Muzee mumoja tajiri wa mtaa wa Area 18 mjini alimwagiza kamyo kama zile zilizopita Bukavu wakati wa vita, kwa kijani ileile kabisa. Ikimpendeza, atamchukua awe fundi wake mjini.

"Kijani ni kijani! Batajiri banacheza kama batoto," Gaspard alicheka. Lakini kazi aliitaka, akamgeukia mke wake, Douce. "Ni we njo uliiona karibu. Ilikuwa kijani gani?"

"Ilibeba kaka yangu, hakurudi. Wacha, Gaspard."

"Nakuuliza rangi, we unaleta kilio!"

Akachanganya rangi za soko la Chilinde, akapaka vibao, akamwonyesha kimoja kimoja. Kila mara Douce alikataa kwa kichwa. Akatia masizi ya mbaula, jiko lao la mkaa. Safari hii Douce aliangusha mwiko. Alitoka nje, akaacha nsima motoni.

"Njo hii yenyewe!" Gaspard akapiga makofi, akapaka kamyo yote kwa nje. Sanduku la nyuma alikuwa amekwisha kulifunga kwa misumari, tupu.

Mvua ikafunika mchana, nyumba ikawa giza. Ko, ko, ko.

"Panya bajinga," akasema.

Sauti ilitoka mezani. Akaishika kamyo. Ikanyamaza, halafu ikagonga ndani ya kiganja chake.

Akang'oa ubao wa nyuma kwa kisu, akaupeleka mlangoni penye mwanga. Upande wa ndani, ambao brashi haikuugusa, palikuwa na alama nne za vidole, kijani mbichi, kila moja ndogo kama punje ya mchele.