Vidonge Katika Pindo la Kanga

Kila siku kabla ya kengele ya shule Devotha alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kupika uji na kumpa bibi yake dawa. Mbili za kwanza angeweza kuzifanya akiwa amefumba macho. Ya tatu ilitaka subira, na Devotha, msichana wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, hakujaliwa subira nyingi.

Waliishi Kihonda, katika nyumba ya vyumba viwili na sebule. Mama yake, Filomena, alishona magunia kiwandani, na zamu yake ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa Kilombero na alionekana nyumbani mwisho wa mwezi tu. Kwa hiyo tangu Bibi Scholastika, mama yake Filomena, ateremshwe kutoka Nyandira kule milimani baada ya kupata kiharusi, muuguzi wake wa asubuhi alikuwa Devotha.

Upande wa kushoto wa bibi ulikuwa umepooza na mdomo ulikwenda pembeni kidogo, lakini utani haukumtoka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Uji wa leo una mabonge, au umekumbuka kukoroga?"

Alimwita mke mwenzangu, kama mabibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na alidai kwamba babu marehemu angewachagua wote wawili, ila Devotha angerudishwa kwao kwa ajili ya uji wake. Devotha alicheka, akampa vidonge viwili vya presha, akamnywesha maji, akambusu paji la uso na kukimbilia shule. Jioni mama akirudi, kabla hajavua viatu, aliuliza swali lile lile.

"Bibi kameza?"

"Kameza."

Na kwa kadiri Devotha alivyojua, huo ulikuwa ukweli mtupu, mpaka Jumamosi moja alipochukua kanga za bibi kuzifua. Katika pindo la kanga moja alikuta fundo gumu. Alidhani ni sarafu. Alipolifungua alikuta vidonge, vingine vizima, vingine vimelainika na kugandamana. Alivihesabu. Vilikuwa kumi na vinne, yaani dawa za wiki nzima.

Akaingia navyo chumbani, mikono ikichuruzika povu.

"Bibi, hivi ni nini?"

Bibi alivitazama, kisha akatazama dirisha. Kutoka pale kitandani ilionekana milima ya Uluguru, juu yake mawingu.

"Funga mlango," alisema.

Devotha akafunga.

"Jumamosi iliyopita jumuiya ya kanisa walikuja kusali hapa. Walikaa sebuleni, mimi nikiwa huku. Mimi nimepooza mkono, sijapooza masikio. Mama yako alipotoa nia yake alisema nini?"

Devotha alikumbuka. Kila mtu alitoa nia: mmoja aliombea mvua, mwingine mitihani ya wanawe. Mama alikuwa ametoka kazini, macho mekundu kwa vumbi la magunia. Zamu yake ilipofika alisema, "Bwana, umpumzishe mama yangu. Ameteseka vya kutosha."

"Na ninyi mkaitikia nini?"

"Twakuomba utusikie," Devotha alisema kwa sauti ndogo.

"Na yako niliisikia. Unaitikia kwa nguvu, kama mtu wa kwaya."

Devotha alihisi uso unamwaka. Aliitikia nia ile kama alivyoitikia ya mvua, bila kufikiri. Hakuwa na habari kwamba upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mtu anayesikiliza anavyoombewa kufa.

"Basi mimi nimeshasaliwa," bibi akaendelea. Hakuonekana kukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Devotha. "Mwanangu ameniombea, mjukuu wangu ameitikia, jumuiya nzima imekubali. Mimi ni nani nimzuie Mungu kwa vidonge? Nilikuwa nikibeba kabichi kichwani kutoka shambani hadi gulioni, nikirudi nabeba kuni. Sasa nageuzwa kitandani kama moja ya magunia ya mama yako. Sina kazi tena hapa. Usimwambie. Una kifua, mke mwenzangu?"

"Ninacho, bibi."

Hivyo ndivyo Devotha alivyopewa siri. Tangu siku hiyo bibi hakuhitaji tena kufunga mafundo kwa meno na mkono mmoja. Alivitema vidonge kiganjani mwa mjukuu wake, na Devotha akavitupa chooni. Jioni ya kwanza neno "kameza" lilimtoka kwa shida. Kufika Jumatano lilikuwa linatoka lenyewe, laini kabisa, na hapo akaanza kujiogopa.

Alijiambia kwamba anamtii bibi, na kutii wakubwa ni jambo jema. Lakini bibi hakukaa kumsubiri amalize kujidanganya. Jumatano alilalamika kichwa. Alhamisi alimwita Devotha "Filomena" mara mbili, wala haukuwa utani. Ijumaa kikombe kilimtoka mkononi, mkono ule ule mzima, na uji ukamwagika kitandani. Devotha aliupangusa. Shuleni mwalimu alimuuliza hesabu ya sehemu, akajibu jina la mto.

Jumamosi mchana alikwenda kwenye mafundisho ya kipaimara. Katekista wao alikuwa Mzee Castory, mstaafu wa kiwandani Mzinga, mtu mrefu anayevaa suti moja mwaka mzima. Siku hiyo alifundisha amri ya tano. Aliposema "Usiue", wavulana wa nyuma walikaa vizuri kwa raha, maana hiyo angalau walikuwa na uhakika hawajaivunja.

"Msijipongeze mapema," Mzee Castory alisema. Akaandika ubaoni: mtoto aliye tumboni, mlemavu, mgonjwa, mzee. "Hawa wanafanana kwa jambo gani? Hawawezi kutukimbia. Hawawezi kurudisha ngumi. Ndiyo maana Mungu amekaa upande wao. Kuna watu watasema huyu hajazaliwa bado, hahesabiki. Watasema yule amezeeka, anatuchosha tu, bora tummalize kwa huruma. Sisi tunaamini uhai wa wote wawili umetoka katika mkono mmoja, na ni mkono huo tu wenye haki ya kuuita urudi."

Devotha alinyoosha kidole kabla hajajua kama ataweza kuongea.

"Mwalimu, mtu akitaka mwenyewe kufa, akakataa dawa, na wewe unajua, ila amekukataza kusema. Ukinyamaza, kosa ni la nani?"

Mzee Castory aliweka chaki chini.

"Baki baada ya kipindi," alisema.

Wenzake walipotawanyika, Devotha alimweleza yote, pindo la kanga, maneno ya bibi, nia ya mama na choo. Alilia mpaka kola ya gauni ikalowa. Mzee Castory alimsikiliza bila kumkatiza.

"Ni muda gani sasa hajameza?"

"Wiki mbili."

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mimi sikuiti mbaya. Umebebeshwa mzigo wa watu wazima. Lakini mzigo huo unatuliwa leo, siyo kesho. Nenda ukamwambie mama yako. Mimi napitia zahanati nimwombe nesi Asia aje na kipimo cha presha."

"Nimemwahidi bibi, mwalimu. Ataniona sina kifua."

"Acha akuone hivyo. Siri ikishaanza kumuua mtu, hukatazwi tena kuitoa."

Devotha alimkuta mama uani akisugua sufuria. Alisimama mbali kidogo, akasema yote kwa pumzi moja.

"Mama, bibi hamezi dawa. Wiki mbili. Nilikuwa nakudanganya."

Mkono wa Filomena uliinuka, umejaa majivu na povu, kisha ukashuka polepole.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya nia yako. Alisikia."

Filomena alikaa pale pale chini, kwenye maji machafu. Hakuuliza nia ipi.

Nesi Asia alipofika alimpima bibi mara mbili, maana namba ya kwanza hakuiamini. Akasema inabidi ameze dawa sasa hivi na apelekwe hospitali. Bibi alifunga mdomo. Alimgeukia Devotha.

"Kumbe huna kifua," alisema.

Devotha alitamani ardhi impasukie. Filomena akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, ile nia niliitoa mimi. Nilikuwa nimechoka na kazi."

"Ulichoka na mimi."

Filomena alimtazama binti yake, akamtazama nesi, akarudi kwa mama yake.

"Ndiyo. Siku ile nilichoka na wewe."

Devotha alidhani bibi atalia, lakini uso wake ulilegea kidogo, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuambiwa ukweli.

"Na wewe, mama," Filomena akaendelea, "ulimuuguza bibi yangu kule Nyandira miaka minne. Hukuchoka?"

"Nilichoka mpaka nikalia jikoni."

"Ukaomba apumzike?"

"Mara nyingi," alisema.

"Ukamnyima uji?"

"Nani, mimi?" Bibi alijaribu kujiinua kwa mkono wake mmoja, jicho limemtoka kwa hasira. "Hata siku moja. Asubuhi ya siku aliyokufa alikunywa uji wangu, vijiko vitatu."

"Sasa mbona unataka mimi nikunyime? Tena kwa mkono wa mtoto?" Filomena alimshika mkono. "Nilikosa, mama. Nilikuombea kana kwamba umeshaondoka, nawe uko chumba cha pili unatusikia. Nisamehe. Bado nakuhitaji hapa, hata kama ni kwa kulaumu uji tu."

Bibi alimtazama Devotha aliyejibana ukutani, macho yamevimba, na ni kama ndipo alipoona kwa mara ya kwanza alichomtwisha.

"Mke mwenzangu," alisema, "leta maji."

Alimeza. Jioni hiyo hiyo wakampeleka hospitali, akalazwa siku tano. Alirudi akiwa hai, lakini mkono wa kulia ulibaki na tetemeko, na daktari alisema huenda hautarudi ulivyokuwa. Devotha alijua tetemeko lile limetoka wapi. Kila alipomshikia bibi kikombe moyo ulimuuma, na hakuna aliyemwambia asiumie.

Jumamosi iliyofuata jumuiya walikuja tena. Safari hii Filomena hakutandika mkeka sebuleni. Aliutandika chumbani kwa bibi, na watu wakabanana hadi mlangoni. Kabla ya sala bibi alimuuliza Mzee Castory swali lililokuwa likimsumbua.

"Katekista, na siku dawa zikishindwa kabisa? Mtanifunga mirija nisife?"

"Hapana, mama. Siku ikifika ambapo tiba haisaidii ila inakutesa tu, hatutakulazimisha. Tutakupunguzia maumivu, tutakushika mkono, tutangoja pamoja nawe. Kungoja siyo kuua. Ila kumharakisha mtu, hata kwa huruma, hata akituomba mwenyewe, hiyo siyo kazi yetu. Na kosa letu ni kwamba tulikaa upande wa pili wa ukuta. Mtu akiona hana wa kumngoja, atajiharakisha mwenyewe."

Kisha akamgeukia Devotha. "Na wewe ulikosea kudanganya, hilo usilisahau. Lakini ulipoona uongo wako unamgharimu mtu uhai wake, ulikubali aibu ili yeye apone. Uhai wa mtu hauhesabiwi kwa kabichi alizobeba. Bibi yako akilala hapo mwaka mzima bila kuinua kijiko, bado ni mtu kamili mbele ya Mungu, na ni juu yetu kumtendea hivyo."

Wakaanza kusali. Nia zikapita, ya mvua, ya mitihani, ya mama mmoja wa jirani aliyekuwa mjamzito na mwenye hofu. Mwisho bibi akasema naye ana nia yake. Maneno yalimtoka taratibu.

"Bwana, umpe mjukuu wangu kifua cha kutunza siri ndogo, na mdomo wa kuzitoa kubwa. Na mimi unipe siku nyingine, hata kama uji una mabonge."

"Twakuomba utusikie," watu wakaitikia, wengine wakicheka, wengine wakijifuta macho.

Bibi aligeuza kichwa juu ya mto.

"Devotha, yako sijaisikia."

Mara ile Devotha aliitikia bila kufikiri. Sasa alifikiria kila neno kabla ya kulitoa, akaweka mkono wake juu ya ule unaotetemeka, ndipo akaitikia peke yake.

"Twakuomba utusikie."