Mwenye Bonde Aliyesahauliwa

Mchi ulikuwa unatwanga chini ya maji. Yustina aliusikia vizuri, saa sita mchana, amekaa barazani kwenye nyumba ya wageni juu ya bwawa: du, du, du, na kishindo chake kikipanda miguuni kupitia sakafu.

"Huyo anatwanga maji kwenye kinu," mumewe akacheka.

Erasto alikuwa bwana maji, na bwawa lile la milimani, kule juu Umakondeni, alilisimamia mwenyewe. Likizo ya mwaka 1975 alikataa kubaki nyumbani kwao mjini, Shangani. Alitaka mkewe na binti yao Felista, wa miaka sita, wakaione kazi yake. Yustina hakucheka. Mwanaume akiipenda kazi yake kupita kiasi, masikio huziba.

Siku ya pili Felista alikuja kula ana malengelenge viganjani, ananuka pumba mbichi.

"Nani amekutwangisha?"

"Bibi wa kule chini. Yuko peke yake. Anasema leo nikalale kwake."

Yustina alimwacha mtoto na baba yake, akamkimbilia Bi Mwanakombo, mpishi wa pale, mzaliwa wa bonde lile. Bi Mwanakombo alichungulia mlangoni kwanza, ndipo akanong'ona.

"Mama Felista, sisi hatuhami hivi hivi. Unamwaga unga, unamwambia mwenye bonde, mzimu wetu: tunahama, twende. Siku ile ya kupelekwa kijiji cha ujamaa, malori yalikuja asubuhi, jioni bonde tupu, kisha likajazwa maji ya bwawa. Tuliomba nusu saa tu ya kumuaga. Tukanyimwa."

"Nani aliwanyima?"

"Muulize baba Felista."

Hakupata nafasi ya kumuuliza. Aliporudi barazani, Erasto alikuwa amesinzia kitini, mtoto hayupo, na Yustina alipoteremka mbio hadi ukingoni alimwona Felista majini hadi kiunoni, anazidi kwenda, mkono mmoja ameuinua kama aliyeshikwa na mtu mzima, na harufu ya pumba imetanda hewani, na mchi unatwanga haraka haraka mpaka maji yanarukaruka, naye akajitosa na nguo zake, akamkumbatia mwanawe, na kile kilichomshika upande wa pili kikavuta.

"Wenzangu mliwapakia malorini," sauti ya kikongwe ikasema kutoka majini. "Mimi mkanimwagia maji."

Yustina hakulegeza mikono.

"Umeonewa, bibi! Nakubali, umeonewa! Lakini mwanangu si fidia. Humpati, hata utwange mpaka kiama! Erasto! Lete unga, uje useme wewe uliyewakatalia!"

Erasto, aliyekuwa akiwaambia wanakijiji kwamba taifa linalojijenga halina muda wa mizimu, alikuja na ungo wa Bi Mwanakombo. Alipiga magoti topeni, akanyunyiza unga wa mtama.

"Bibi, nisamehe. Tunahama. Twende, gari lipo."

Mchi ukanyamaza. Mkono wa Felista ukaachiwa.

Hawakungoja jioni. Bi Mwanakombo alikaa mbele awaonyeshe njia ya kijijini kwake. Yustina alipofungua mlango wa nyuma, Landrova ikabonyea taratibu, kama imepandwa na mtu mzito. Kiti kikavu cha dirishani kikaanza kulowa, maji yakichuruzika sakafuni. Erasto alishika ufunguo, asiweze kuuzungusha.

"Washa," Yustina akamwambia. Kisha akambeba Felista, akainamisha kichwa ndani ya gari.

"Na wewe, bibi, sogea huko. Dirishani anakaa mwanangu."

Doa la maji likasogea.