Muhogo Mchungu wa Mwanahawa

Nyumbani kwa Mwanahawa walikula ugali wa muhogo mchana. Kabla ya alasiri wote walikuwa wanatapika. Mtoto wake Omari alilala, hakuamka tena; alizikwa jioni ile ile.

Ng'ambo ya mto Ruvuma kulikuwa na vita vya kumng'oa Mreno aliyeitawala nchi ile. Kijijini, karibu na Kilambo, watu walisema Mreno ametia sumu mtoni. Kisha wakamgeukia Rozalia, mkimbizi kutoka ng'ambo aliyekaa kwa Mwanahawa, wakidai ametumwa na Mreno. Kesho yake Shabani, mkuu wa mgambo, alikuja na bunduki kumchukua.

Mwanahawa alisimama mlangoni, akaziba njia.

"Kaka Shabani, Rozalia tumekula naye sahani moja. Ametapika kunishinda."

"Adui ana hila, dada."

"Jana nimezika mwanangu. Leo sitoi mgeni wangu."

Wakati huo Felista, nesi wa zahanati, alifika kwa baiskeli. Alifunga unga uliobaki, akajaza chupa maji ya mto, vipelekwe hospitali Mtwara kupimwa. Kisha akauliza, "Nani mwingine anakunywa maji haya?"

"Sisi mgambo, kila siku," alisema Shabani.

"Mmeumwa?"

"Hata mafua hatuna."

Felista akamgeukia Mwanahawa. "Mama, muhogo huu uliuloweka?"

"Sikuuloweka. Tulikatazwa kuloweka mtoni, Mreno asije akautia sumu usiku. Niliumenya, nikauanika siku moja, nikatwanga."

"Mtamu au mchungu?"

"Mchungu. Mtamu si tungewalimia nguruwe pori?"

"Na mchungu mbona nguruwe hawaugusi?"

Mwanahawa akaketi chini. Jibu alilijua tangu utotoni.

"Una sumu," alisema polepole. "Mama alituambia tuuloweke siku tatu, maji yale tuyamwage. Hofu ya Mreno ilinisahaulisha."

Shabani akashusha bunduki. "Amri ya kutoloweka niliitoa mimi," alisema.

"Basi sikilizeni wote," alisema Felista. "Siku adui akitia sumu kweli, fanyeni hivi hivi. Chakula msikionje, msikitupe. Ulizeni nani kala nini. Leteni zahanati kipimwe. Kumkamata mtu si kipimo."

Majibu ya hospitali yalikuja: maji ni mazima, sumu ni ya muhogo wenyewe.

Mwanahawa na Rozalia wakawaongoza wanawake kuchimba mashimo ya kulowekea kando ya mto. Shabani aliyalinda yeye mwenyewe.

"Kaka, usisinzie, muhogo utatoroka!" walimtania.

Walimenya, wakaloweka mpaka ukalainika, wakamwaga maji, wakaukamua, wakauanika ukakauka kabisa. Hakuna aliyeugua tena. Vijiji vya jirani vilikuja kujifunza kwao, na Mwanahawa aliwafundisha kichwa kikiwa juu.

Somo hilo liligharimu debe moja la unga, matusi aliyotukanwa Rozalia, na kaburi moja fupi nyuma ya nyumba.