Shimo la Kufika Gotini

Kila asubuhi kabla ya shule, Msomi alikuwa na kazi tatu: kuwafungulia kuku, kumnawisha uso mdogo wake, na kumsomea baba chochote kilichohitaji kusomwa. Jina lake la daftarini lilikuwa jingine, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia tangu alipokuwa darasa la pili, siku alipomsomea mama karatasi ya kliniki bila kukwama hata neno moja. Mama hakuwahi kukaa darasani. Baba alijua kusoma vizuri, ila miwani yake ilivunjika siku ile ile ulipovunjika mguu wake, alipoteleza juu ya paa alilokuwa akiliezeka. Tangu hapo nyumba nzima ilisoma kwa macho ya binti wa miaka kumi na miwili, na binti mwenyewe alilijua hilo na kuvimba kichwa kidogo.

Mguu wa baba ulifungwa plasta hadi pajani. Fundi wa paa asiyeweza kupanda ngazi hana kazi, na debe la unga jikoni lilikuwa limeshuka chini ya nusu. Kwa hiyo baridi ilipopungua na mvua za kwanza kulainisha udongo, mama alisimama mlangoni, akakitazama kiwanja cha upande wa nyumba na kusema, "Mwaka huu hatulimi mchicha wa kuonja. Tunalima chote, mpaka kwenye uzio. Kisipoota kitu, tutakula mawe."

Walilima wiki mbili. Mama alishika jembe, Msomi alishika reki, na Kadogo, mdogo wake wa miaka minne, alibeba samadi kwa kopo na kumwaga nusu yake njiani. Baba alisogezewa kitanda dirishani, akajipa kazi ya usimamizi.

"Tuta la nne limepinda!" alipiga kelele. "Mnalima bustani au mnachora nyoka?"

"Shuka ulinyooshe wewe, bosi," mama alimjibu bila kuinua mgongo.

Walicheka wote wanne. Kucheka kulikuwa kumeadimika katika nyumba ile, na Msomi aliukumbuka mchana huo kwa muda mrefu baadaye.

Miche ya nyanya na kabichi ilikuwa tayari kitaluni, chini ya kivuli cha nyasi kavu. Zilibaki mbegu za mahindi na njegere. Hizo waliletewa na bibi shamba, mtaalamu wa kilimo aliyewazungukia wakulima kwa pikipiki yake iliyojaa matope. Punje zilikuwa nyekundu, wekundu ule wa rangi ya kucha.

"Zimepakwa dawa ya kuua wadudu," alisema huku akikaza kofia yake. "Hizi si chakula, ni mbegu tu. Someni pakiti mpaka mwisho."

Msomi alisimama katikati ya chumba cha baba akasoma kwa sauti ya darasani: "Ni sumu. Isiliwe na binadamu wala mifugo. Vaa glovu. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kazi. Mbegu zinazobaki zifukiwe ardhini, mbali na maji, watoto na kuku."

"Shimo lifike gotini," aliongeza baba. "Kuku wanajua kuchakura kuliko sisi tunavyojua kulima. Umesikia, mama Msomi?"

"Nimesikia. Tuna mwalimu ndani ya nyumba, nitakosaje kusikia?"

Jumamosi walipanda. Mama alitangulia na kijiti akitoboa mashimo kando ya kamba, Msomi akafuata nyuma, mikono ndani ya mifuko ya plastiki, akidondosha punje mbilimbili na kufukia kwa kisigino. Jua lilipoanza kushuka mistari yote ilikuwa imekwisha, na ndani ya bakuli zilibaki punje za kujaza viganja viwili. Mama alining'iniza pakiti kwenye msumari wa juu ukutani, akachukua ndoo.

"Kazifukie hizo nyuma ya jiko. Unakumbuka ulichosoma. Mimi nakwenda kuteka maji."

Ardhi ya nyuma ya jiko haikuwahi kulimwa. Msomi alipiga jembe mara tatu, nalo likaruka kama limepiga sakafu. Malengelenge ya viganja yalikuwa yameshapasuka. Ng'ambo ya uzio wasichana wenzake walikuwa wakicheza rede, na mmoja akamwita, "Msomi! Au leo unasomea mahindi?" Alitazama huku na huku. Kisha akazimwaga zile punje ndani ya magugu marefu, akayakanyagakanyaga juu, akanawa mikono kwa sabuni kama pakiti ilivyosema, akakimbilia kwenye mchezo. Kati ya maagizo yote alifuata lile jepesi.

Aliporudi, baba alimuuliza kupitia dirishani, "Umezifukia?"

"Nimezifukia, baba."

"Kwa kina gani?"

Msomi aliinama, akagusa goti lake. "Mpaka hapa."

"Safi sana, mwanangu," alisema baba, na akajilaza.

Jumatatu Msomi alirudi kutoka shule akakuta uwanja umetulia isivyo kawaida. Kuku sita walikuwa wamelala ubavu, wamekufa. Wengine waliyumba, mabawa yameshuka, ute ukiwachuruzika mdomoni. Mama alikuwa amechuchumaa katikati yao, kanga imemteleza kichwani. Wale kuku aliwalea mwenyewe tangu vifaranga, na mayai yao ndiyo yaliyokuwa yakimpa mgonjwa nguvu.

"Baba Msomi," aliita kwa sauti nzito, "hawa hawajala zile mbegu kweli?"

"Mbegu zimefukiwa," baba alijibu kutoka dirishani. "Mtoto kanionyesha mpaka gotini. Hicho ni kideri, mke wangu. Kikiingia kinafagia banda zima."

Mama alimgeukia Msomi. "Ulifukia vizuri?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. "Ndiyo, mama," alisema.

Mama alishusha pumzi. Akamwamini, kwa nini asimwamini? Akasimama na kumkamata jogoo, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kulegea. "Huyu bado ana uhai. Nimchinje kabla hajafa bure. Mwezi wa pili huu baba yako hajaonja supu, na mfupa hauungi kwa uji mtupu."

Jogoo alichinjwa na kunyonyolewa. Mama akamkata vipande na kuviweka chunguni, akamwachia Msomi kazi ambayo ilikuwa yake siku zote: kupasua firigisi na kuisafisha. Msomi aliipasua kwa kisu kidogo, akaifungua kwa vidole gumba.

Ndani mlikuwa na changarawe, majani, na punje za mahindi. Nyekundu.

Alitazama nyuma, mama alikuwa akipuliza moto. Angeweza kuita mara moja tu, mama angegeuka na kuona. Badala yake alimwagia maji, punje zikatiririka hadi mtaroni, na firigisi ikabaki nyeupe, safi kabisa. Alijiambia moto utaua sumu. Akajiambia chungu kitachemka muda mrefu. Moyoni alijua anajidanganya, maana pakiti haikusema popote kwamba ukipika sumu itakwisha. Kisha akaenda kumwaga manyoya na taka, akatembea polepole kuliko siku zote, kana kwamba akichelewa mambo yatajirekebisha yenyewe.

Aliporudi alimkuta Kadogo amekaa kwenye kigoda, midomo ikimng'aa mafuta.

"Unakula nini?"

"Maini," alisema Kadogo, akalamba vidole. "Mama kaniokea kwenye makaa. Nimeyamaliza peke yangu!"

Mama alicheka kidogo, akachota supu ya kwanza, akaitia kwenye bakuli la baba. "Mpelekee angali na hamu. Sisi tutakula ikiiva vizuri."

Msomi alilibeba bakuli kwa mikono miwili. Baba alikuwa amejiinua kwa kiwiko, akinusa.

"Lete huku. Unajua, mwanangu," alisema huku akipokea, "tangu nianguke, kitu kimoja tu hakinitishi. Najua kuna mtu nyumba hii akisema jambo, limekwisha." Akachota kijiko, akakipuliza.

"Baba, usinywe."

"Ya moto?"

"Sikufukia." Sauti ilimtoka nyembamba, si ile ya darasani. "Mbegu nilizimwaga kwenye magugu. Zilikuwa ndani ya firigisi, nimeziona. Na Kadogo amekula maini."

Baba alikiweka kijiko chini taratibu. Halafu akaita jina la mama kwa sauti ambayo Msomi hakuwahi kuisikia, si siku ya paa wala siku nyingine yoyote.

Mama na Msomi walimkuta Kadogo bado kigodani, ila alikuwa ameinama. Mate yalimtoka mfululizo, paji la uso limelowa jasho. Alipojaribu kusimama, miguu ilikataa. Kisha akatapika. Mama alimnyakua, na jirani muuza mkaa, aliyesikia kelele, akatokea na pikipiki yake bila kuuliza maswali. Msomi aliburuta kigoda hadi ukutani, akapanda, akachomoa pakiti kutoka kwenye msumari, akarukia pikipiki nyuma ya mama.

Kwenye zahanati, tabibu alimfungua Kadogo macho, akatazama mboni zilizosinyaa kama ncha ya sindano. "Kala nini huyu?"

Msomi akamnyooshea pakiti. "Dawa hii. Ilikuwa kwenye mbegu, kuku wakala, naye akala maini ya kuku. Kosa ni langu."

Tabibu aliisoma pakiti mara moja, akamtupia muuguzi maneno mawili matatu, na sindano ikaandaliwa. Mama na Msomi walikaa kwenye benchi la ukumbini. Kati yao palikuwa na nafasi ya kutosha mtu wa tatu. Mama hakumpiga wala hakumgombeza. Alitazama mlango tu, na Msomi aliomba moyoni apigwe, kwa sababu ule ukimya hakuuweza. Walikaa hivyo hadi mlango ulipofunguliwa.

"Atapona," alisema tabibu. "Alikula kidogo, na mmekuja mapema. Bila pakiti hii ningekuwa bado nabahatisha." Akamtazama Msomi, hakutabasamu. "Na bila wewe kusema, ningeletewa nyumba nzima."

Kadogo alikaa zahanati siku nne. Alirudi amekonda, shingo haijakaza vizuri, akauliza kuku wako wapi. Hakubaki hata mmoja. Mizoga, chungu cha supu, na kila kilichoguswa na ile nyama vilikuwa vimefunikwa kwa bati nyuma ya jiko vikisubiri kufukiwa, na baba alisema aliyeshindwa kuchimba shimo la kwanza ndiye atakayechimba la pili.

Msomi alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akapiga magoti kwenye magugu, akaokota punje moja moja, majani yakimkata viwiko. Halafu akachukua jembe. Ardhi ilikuwa ngumu vile vile. Alichimba hadi mgongo ukawaka moto, akasimama, akafuta jasho.

Ndipo aliposikia hatua nzito: gongo, mguu, gongo. Baba alikuwa ametoka nje kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Alikuwa amekunjamana uso kwa maumivu, na mama alimshikilia kiunoni. Alishusha gongo lake ndani ya shimo, akaweka kidole palipoishia udongo, akalipima kwenye goti la Msomi.

"Halijafika."

Siku zile nyingine angemwamini. Msomi alilijua hilo, likamchoma kuliko malengelenge. Akachimba tena. Baba akapima tena. Mara ya tatu gongo lilipita goti, naye akatikisa kichwa kukubali. Walifukia kila kitu, mama akikanyaga udongo kwa miguu yake miwili.

"Njoo hapa," alisema baba. "Sitakuuliza kwa nini ulichoka. Kila mtu anachoka. Ungeniambia, 'Baba, nimeshindwa,' tungefukia kesho yake, na kuku wangekuwa wanachakura hapa sasa hivi. Magugu yale yalitupotezea kuku. Yule mtoto nusura tumpoteze kwa lile jibu lako. Mama yako alishuku, nikamtuliza mimi kwa maneno yako. Anayetusomea akitudanganya, sisi tusiosoma tunakwenda gizani na watoto mikononi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Lakini ulisema kabla sijameza. Ulichelewa, ila ulisema. Hilo nalo sitalisahau."

Upande wa bustani, vichipukizi vya njegere vilikuwa vimeanza kuinua udongo, mstari kwa mstari, hata lile tuta la nne lililopinda. Mama aliingia ndani, akatoka na pakiti mpya ya maharage aliyoiacha bibi shamba asubuhi. Msomi aliangalia chini. Alidhani watamsubiri bibi shamba arudi awasomee.

Mama alimwekea pakiti mkononi. "Soma," alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu zahanati. "Taratibu. Usiruke kitu."

Msomi alisoma, sauti ikikwama mara mbili, hadi mstari wa mwisho, ule wa kufukia. Kadogo alisikiliza akiwa amekumbatia mguu wa mama.

"Tukimaliza kupanda nitakuja na gongo langu," alisema baba.

"Njoo, baba," alisema Msomi, na kwa kweli alitaka aje.