Nguzo Iliyotiwa Saruji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimsaidia mama yake kufunga kizibao chake cha kung'aa, huku akipiga domo bila kupumua. Ndiyo maana nyumba nzima ilimwita hivyo. Mama alikuwa fundi wa nguzo za barabarani, ziwe za taa au za vibao. Hata ile ya "Punguza Mwendo" kwenye kona ya shule ilikuwa kazi ya mikono yake, na Chiriku hakumwacha mtu apite hapo bila kumwambia.

Basi siku moja gari liliiparamia nguzo ile. Wanafunzi walipofika asubuhi, waliikuta imelala chali kwenye majani, imekatika chini kabisa.

"Loo! Kumbe mama yako anasimamisha mabua?" alisema Msumari, mvulana aliyeketi naye dawati moja, aliyepewa jina hilo kwa maneno yake ya kuchoma. "Gari limepiga chafya tu, nguzo chini!"

Darasa zima likaangua kicheko. Chiriku, msemaji wa wasemaji, akajificha nyuma ya kitabu. Alimwonea mama yake haya, na badala ya kumwuliza, akarudi nyumbani na kumnunia.

Nguzo iliposimamishwa upya, alikwenda kuikagua. Lahaula! Chini ilishikwa na bolti nyembamba kama kidole chake cha mwisho! "Ndiyo maana," alijisemea kwa uchungu. Nyumbani ilikuwako saruji iliyobaki walipokarabati bafu. Jumamosi, mama akiwa kazini, Chiriku aliichanganya na kokoto, akaishindilia kwenye kitako cha nguzo mpaka bolti zote zikafunikwa. Ilipokauka, aliisukuma kwa nguvu zake zote. Haikutikisika. Akarudi nyumbani kwa maringo.

Jumatatu jioni, wakiwa wanakula, mama alicheka peke yake. "Yule dereva wa gari la mikate aliyeigonga nguzo yetu, leo kaja kunishukuru."

"Kushukuru? Si nguzo ilianguka?"

"Sasa ulitaka isimame, mwanangu? Zile bolti tunazitia nyembamba makusudi. Gari likigonga, zinakatika, nguzo inaruka kando, gari linapita. Bati lake limebonyea, lakini mwenyewe mzima, anauza mikate."

"Na nguzo ikiwa imara?"

"Gari linasimama papo hapo," alisema mama. "Aliyemo ndani hasimami."

Chiriku akalirudisha tonge sahanini. Hapo ndipo alipopaswa kusema. Lakini angeanzia wapi? Aseme kwamba aliidharau kazi ya mama yake, akaenda kuitengeneza kwa siri? Uso ulimwaka moto kwa aibu. Kesho, alijiambia. Nitasema kesho.

Kesho yake mvua ilinyesha. Chiriku na Msumari walikuwa wanakaribia kona, mara gari la mikate likaja, likateleza, likaserereka kuelekea nguzo. Alimwona dereva aking'ang'ania usukani, na kando yake binti mdogo mwenye sare ya shule. Chiriku alipiga yowe, akafumba macho. Alipoyafumbua, gari lilikuwa limenasa kwenye matope, shibiri moja tu kabla ya nguzo.

Dereva alishuka akihema. "Msihofu, wanangu. Nguzo hii naijua, haina neno. Hata ningeigonga..."

"Ina neno!" Chiriku alilia. "Nimeitia saruji mimi! Haikatiki tena! Na jana nilijua, nikanyamaza."

Dereva aliitazama ile saruji, kisha akamtazama binti yake garini. Chiriku aliona heri angemtukana. Dereva akatoa simu, akampigia mama.

Mama alifika na wenzake wawili, akapanga koni barabarani, akainama kuitazama saruji. Kisha akamkabidhi Chiriku nyundo na tindo. Chiriku akaanza kuivunja, machozi yakichanganyika na mvua, wanafunzi wakipita na kumtazama. Msumari hakucheka. Alichuchumaa, akawa anaokota vipande.

"Mimi ndiye niliyeanza maneno," alinong'ona.

Mama aliingiza bolti mpya, akazikaza kwa spana, ndipo akamgeukia binti yake.

"Jumamosi hukujua, na kosa la kutojua nalisamehe. Lakini jana ulijua. Ulinyamaza ili usione aibu mbele yangu, mtoto wa watu nusura ailipie. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama uso unakuungua. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama. Nisamehe."

"Haya. Isukume tuone."

Chiriku aliisukuma. Nguzo ikatikisika kidogo.

"Inatikisika, mama."

"Vizuri," alisema mama. "Kimbia shule, umechelewa."