Hodi Kutoka Kwenye Runinga

Batuli wa Shela, jirani yetu hapa Malindi, alikuwa na ugonjwa wa filamu za zamani, zile nyeusi na nyeupe. Za rangi alizidharau. Alisema zinampigia kelele. Mumewe, Zubair, alizoea kumtania kwamba angezaliwa mapema angeolewa na mmoja wa wale waigizaji wake wavaa kofia. Lakini mwaka huo Zubair alikuwa kazini Doha, na Batuli alibaki na binti yao Widad, wa miaka sita, na runinga yake.

Siku moja alikwenda Watamu, ambako vyombo vya mzee mmoja wa Kitaliano aliyefariki vilikuwa vikiuzwa. Akarudi na sufuria na diski ya filamu isiyo na jina.

Baada ya sala ya adhuhuri aliitia kwenye mashine ya runinga, Widad akicheza sakafuni. Filamu haikuwa na sauti. Mwanamke ameketi kando ya mlango, anashona. Basi, anashona tu. Kisha mlango ukatikisika, kama mtu anabisha kwa nje. Mwanamke akaacha sindano, hakuinuka. Ukatikisika tena. Sasa alikuwa akilia.

Batuli alikereka. Alilelewa katika nyumba ambayo hodi haiachwi bila jibu, hata mwenyeji awe mgonjwa kitandani. Mlango ulipotikisika mara ya tatu, ulimi ulimtangulia.

"Karibu," akasema. "Pita ndani."

Mwanamke wa filamu akageuka. Akamtazama Batuli machoni, akatikisa kichwa polepole. Mlango ulio kando yake ukafunguka. Hapakuwa na mtu. Picha ikakatika.

Batuli alijichekesha, lakini moyo haukutulia. Alifunga madirisha, akayafungua, akayafunga tena. Jioni Widad alikataa kuingia chumbani kwake.

"Mama, kuna bwana kitandani mwangu," alinong'ona. "Yuwaketi tu."

Alilala na mamake. Kulipokucha, gauni lake jekundu lilikuwa la kijivu. Batuli aliilaumu sabuni. Kisha hina ya viganjani ikawa ya kijivu. Kisha midomo. Kisha ulimi. Mtoto hakuwa na homa wala maumivu. Alizidi kufifia tu, na sauti yake ikafifia naye. Kufikia alasiri midomo ilicheza bila kutoa neno. Batuli hajawahi kuogopa vile maishani mwake.

Alimbeba mbio hadi nyumba ya pili, kwa mama mkwe wake, Bi Ummulkheir, akamweleza yote.

Bi Ummulkheir alimtazama mjukuu wake, akateremsha sauti. "Umemkaribisha wewe, mwanangu. Basi umsindikize wewe. Kwa heshima."

Batuli alimwacha mtoto pale, akarudi peke yake. Jua lilikuwa bado kali. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha Widad. Godoro lilikuwa limebonyea katikati.

"Bwana," alinong'ona, "twashukuru kwa kututembelea. Haya, nikusindikize."

Godoro likainuka.

Alitangulia. Hakugeuka. Nyuma yake, hatua. Ukumbini, hatua. Alifungua mlango wa mbele, akasimama kando. Baridi ikampita begani. Ikatoka.

Papo hapo, kutoka nyumba ya pili, Widad aliita, "Mama!" kwa sauti yake yote. Machozi ya furaha yalimtiririka Batuli. Na ulimi wake, uliofunzwa adabu tangu utotoni, ukamaliza kama unavyomaliza na kila mgeni anayeaga.

"Karibu tena."

Alijiziba mdomo. Alikuwa amechelewa.

Diski aliivunjavunja siku hiyo hiyo. Widad ni mzima, na kelele zake twazisikia hadi kwetu. Lakini ukipita pale mlangoni, utaona kwenye sakafu nyekundu ya saruji alama ya unyayo mmoja wa kijivu. Wameisugua kwa brashi, wameipaka rangi, na rangi haishiki. Vidole vyake vimeelekea ndani.